Amri Mlangoni mwa Pango



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo masikioni mwa mtu aliyezoea kusikia habari za vita, uchaguzi na bei ya mafuta. Yanahusu mapango, popo wanaolala ndani yake, na ugomvi uliodumu kwa miaka mingi nchini Marekani kati ya idara za serikali zilizotoa amri ya kuyafunga mapango hayo na raia ambao wanayajua kuliko mtu mwingine yeyote. Nimelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni wachache kati yenu ambao hawajapata kusimama mbele ya lango wakiwa na amri ya kutomruhusu mtu kupita, na mtu huyo akauliza: "Kwa nini?" Ya pili, swali la nini tufanye na mapango na popo wake limekwisha kutufikia hapa kwetu Uganda, nalo lilihusu uhai wa watu.

Tuanze na hao raia wenyewe. Marekani ina maelfu ya mapango, na tangu zamani wako watu ambao siku zao za mapumziko huzitumia chini ya ardhi. Huvaa kofia ngumu zenye taa, hubeba kamba, hupita kwa magoti na kwa tumbo katika matope, na hupima kila kona mpaka wapate ramani ya pango zima. Chama chao cha taifa kiliundwa mwaka 1941. Watu hao si wahuni wala si watalii wa kubahatisha. Wao ndio wanaosafisha takataka zilizotupwa mapangoni, ndio wanaofutilia mbali majina yaliyoandikwa ukutani na wageni wasio na adabu, na ndio waliosaidia kuishawishi serikali yao ipitishe, mwaka 1988, sheria ya kuyalinda mapango yaliyomo katika ardhi ya shirikisho. Sheria hiyo inazuia hata kutangazwa kwa mahali pango muhimu lilipo, isipokuwa kwa sababu maalum, kwa kuwa ilionekana kwamba pango likishajulikana na kila mtu huwa limekwisha kuharibiwa.

Liko jambo jingine ambalo askari polisi atalielewa upesi. Mtu akikwama ndani ya pango nchini Marekani, amevunjika mguu au amepotea gizani, polisi wa mahali pale mara nyingi hawana ujuzi wa kumtoa. Huwaita raia hao. Wao huacha kazi zao, huja na kamba na machela, na huingia. Kwa hiyo tunaposema kwamba serikali iligombana na wachunguzi wa mapango, tuelewe kwamba iligombana na watu ambao kwa miaka mingi walikuwa mkono wake wa kulia.

Sasa ugomvi ulitoka wapi?

Mwezi Februari mwaka 2006, mchunguzi mmoja wa mapango alipiga picha za popo katika Pango la Howe, katika Jimbo la New York. Popo hao walikuwa na kitu cheupe puani, mfano wa ule ukungu unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Katika majira ya baridi yaliyofuata, mwaka 2007, wataalamu wa wanyama wa jimbo hilo walikuta popo wengi wamekufa katika mapango ya jirani. Ugonjwa huo mpya ukapewa jina la ugonjwa wa pua nyeupe.

Chanzo chake ni kuvu inayopenda baridi. Katika nchi zenye theluji, popo wengi hulala usingizi mzito kwa miezi kadhaa, mpaka wadudu wanaowala warudi wakati wa joto. Popo mdogo wa kahawia wa Marekani, ambaye hata gramu 15 hafikishi, huingia usingizini na akiba ya mafuta mwilini, nayo ni posho yake ya majira yote ya baridi. Kuvu hiyo humla ngozi ya pua na ya mabawa, naye huamka mara kwa mara. Kila akiamka mwili hupata joto, na joto hilo hula mafuta ya siku nyingi. Posho humalizika kabla ya wakati. Wengine huruka nje mchana, katikati ya theluji, wakitafuta wadudu wasiokuwapo, na kufa. Tuseme wazi, ili pasiwe na hofu isiyo na msingi, kwamba ugonjwa huu haumwambukizi binadamu.

Wataalamu waligundua kwamba kuvu hiyo imekuwako Ulaya na Asia tangu zamani, na kwamba popo wa huko wanaishi nayo bila ya kufa kwa wingi. Ni dhahiri basi kwamba ilivuka bahari. Popo wadogo kama hao hawavuki bahari ya Atlantiki kwa mabawa yao. Dhana iliyokubaliwa na wengi ni kwamba mtu fulani, bila ya kujua, aliileta katika mavazi, viatu au vyombo vyake. Jirani na hapo picha za kwanza zilipopigwa, katika sehemu nyingine ya pango hilo hilo, hupita watalii wengi kila mwaka. Hakuna aliyepata kumtaja aliyeileta, na bila shaka hatajulikana kamwe.

Hapo ndipo serikali ilipokamata kalamu. Mwezi Machi mwaka 2009, Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani iliwaomba watu wote waache kuingia mapangoni katika majimbo yaliyopatwa na ugonjwa na yale yanayopakana nayo. Mwaka huo huo Idara ya Misitu ilitoa amri za kuyafunga mapango na migodi ya zamani katika misitu yake ya mashariki. Serikali za majimbo nazo zikafuata. Jimbo la Indiana, kwa mfano, liliyafunga mapango yaliyomo katika ardhi ya jimbo, ingawa wakati huo ugonjwa ulikuwa haujathibitishwa humo. Mwaka 2010 Idara ya Misitu ilikwenda mbali zaidi, ikayafunga mapango ya eneo lake la Milima ya Rocky, mbali sana na New York.

Wachunguzi wa mapango walipokea amri hizo kwa namna mbalimbali. Wengi walizitii. Chama chao kilitoa fedha za kugharimia utafiti wa ugonjwa huo, na kilifunga baadhi ya mapango kinayoyamiliki chenyewe. Hata hivyo manung'uniko yalikuwa makubwa, na ni haki tuyasikilize kama yalivyotolewa.

Walisema, kwanza, kwamba mwenezaji mkuu wa ugonjwa ni popo mwenyewe. Popo huruka kutoka pango hadi pango, hulala wamebanana mamia kwa maelfu, na hakuna lango wala amri iliyoandikwa inayomzuia. Walisema, pili, kwamba amri zilikuwa za jumla mno. Pango lenye popo elfu kumi na pango lisilo na popo hata mmoja yalifungwa kwa karatasi ile ile. Majira ya baridi, popo wanapolala, na majira ya joto, wanapokuwa nje, yalihesabiwa kuwa sawa. Walisema, tatu, kwamba mapango ya biashara, ambako watalii hulipa kiingilio na kupita makundi kwa makundi, yaliachwa wazi, lakini wao, wanaojua kusafisha vyombo vyao, walifukuzwa. Na la nne, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, walisema kwamba serikali inajitoboa macho. Mtu wa kwanza kupiga picha ya ugonjwa alikuwa mmoja wao. Wakizuiwa wao, ni nani atakayeingia kuhesabu popo? Nani atakayeona kwamba mhuni amevunja lango au amewasha moto ndani?

Aidha walikumbusha kwamba katika majimbo ya mashariki mapango mengi yamo katika mashamba ya watu binafsi. Huko amri ya idara haifiki. Kinachofika huko ni urafiki kati ya mwenye shamba na mchunguzi wa mapango. Ukimvunjia heshima mchunguzi, umekata njia ambayo serikali yenyewe haina.

Sasa tuisikilize serikali, maana haki haina sikio moja.

Mwaka 2009 hapakuwa na mtu aliyekuwa na hakika ya chanzo cha vifo hivyo. Uthibitisho kamili wa kitaalamu kwamba kuvu ile ndiyo iuayo ulipatikana mwaka 2011. Je, ilifaa kungoja miaka miwili? Ofisa wa jeshi anayepewa habari kwamba adui ameonekana karibu na daraja hangoji mpaka ahesabu vichwa vyao. Huweka ulinzi kwanza, kisha hupeleleza. Pia wataalamu walikuta mbegu hai za kuvu hiyo katika vyombo vilivyotoka mapangoni. Na serikali ilitoa hoja moja ambayo haikupata jibu jepesi: popo huupeleka ugonjwa hatua kwa hatua, lakini mtu huupeleka kwa mruko. Popo hawezi kulala New York leo na kesho akawa kilometa elfu tatu magharibi. Mtu mwenye tikiti ya ndege na mabuti yenye matope anaweza.

Matukio yaliyofuata yalimpa kila mmoja sehemu ya haki yake. Mwanzoni mwa mwaka 2011 ugonjwa ulithibitishwa katika Jimbo la Indiana, pamoja na malango yote yaliyokuwa yamefungwa. Wachunguzi wa mapango walisema: tuliwaambia, popo hana habari na amri zenu. Lakini mwezi Machi mwaka 2016, popo mgonjwa aliokotwa karibu na Seattle, katika Jimbo la Washington, kwenye pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilometa 2,000 kutoka mahali pa karibu palipokuwa pamejulikana kuwa na kuvu hiyo. Ilifikaje huko? Haikuthibitishwa, lakini mruko wa namna hiyo ulitia nguvu katika maneno ya serikali. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na ukweli, na kila upande ulikuwa na mwelekeo wa kuuona ukweli wake tu.

Wakati wakubwa wakibishana, wadogo walikuwa wakifa. Mwezi Januari mwaka 2012 Idara ya Samaki na Wanyamapori ilikadiria kwamba popo kati ya milioni 5.7 na milioni 6.7 walikuwa wamekwisha kufa. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba aina tatu za popo zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 katika muda usiofika miaka 10. Popo si panya. Jike la popo mdogo wa kahawia huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kilichokufa katika majira machache ya baridi kitachukua miaka mingi sana kurudi, kama kitarudi.

Labda msikilizaji atasema: popo wafe, kuna hasara gani? Hasara ipo. Popo hao hula wadudu waharibifu wa mazao usiku kucha, bila mshahara. Mwaka 2011 wataalamu walikadiria kwamba kazi hiyo kwa wakulima wa Marekani ina thamani isiyopungua dola bilioni 3.7 kwa mwaka. Na mwaka 2024 ulitolewa utafiti katika jarida la Science uliolinganisha wilaya zilizopoteza popo na zile ambazo zilikuwa bado hazijapoteza. Katika zile zilizopoteza, wakulima waliongeza dawa za kuua wadudu kwa asilimia 31 hivi, na vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwa karibu asilimia 8. Hesabu za namna hiyo zinaweza kubishaniwa na wajuzi, lakini zinatosha kutuonyesha kwamba kifo cha mnyama gizani kinaweza kubisha hodi katika nyumba ya mtu asiyepata kuliona pango maisha yake yote.

Ndugu wasikilizaji, mgogoro huo haukwisha kwa ushindi wa upande mmoja. Ulipungua pale watu walipoacha kuuliza kama mapango yafungwe au yafunguliwe, wakaanza kuuliza: pango lipi, majira gani, nani aingie, na kwa masharti gani. Katika Hifadhi ya Mammoth Cave, Jimbo la Kentucky, penye pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, wageni waliendelea kupokelewa, lakini wanapotoka hupitishwa juu ya mazulia yaliyolowanishwa dawa ili nyayo za viatu vyao zisafike. Ugonjwa ulifika katika hifadhi hiyo mwaka 2013 hata hivyo, lakini mazulia hayakuondolewa, kwa sababu kazi yake ilikuwa pia kuzuia kuvu isitoke na kupelekwa kwingine. Katika Milima ya Rocky, baada ya miaka mitatu ya ubishi, Idara ya Misitu iliiacha amri yake ya jumla mwaka 2013, ikaweka utaratibu wa kuyatofautisha mapango na kuwataka wanaoingia wasafishe vyombo vyao. Kanuni yenyewe ya kusafisha si ya ajabu: mavazi na vyombo huoshwa matope, kisha hutumbukizwa katika maji ya moto ya nyuzi joto 55 kwa dakika 20. Na vyombo vilivyotumika katika eneo lenye ugonjwa havipelekwi katika eneo safi, hata vikioshwa.

Hata malango yenyewe yalifundisha somo. Hapo zamani watu waliotaka kulinda mapango walijenga kuta na milango mizito mdomoni mwa pango. Hewa ikazuiliwa, joto la ndani likabadilika, na popo wakahama au wakafa. Leo lango zuri la pango hujengwa kwa vyuma vilivyolazwa, vikiachana kwa sentimita 15 hivi, ili popo apite na hewa ipite, lakini mtu asipite. Mengi ya malango hayo yamejengwa kwa nguvu za kujitolea za wachunguzi wa mapango, bega kwa bega na watumishi wa serikali. Mtu aliyefungiwa nje alishiriki kulichomelea lango. Alifanya hivyo kwa sababu alielezwa, na kwa sababu aliulizwa lijengwe namna gani.

Sasa turudi nyumbani.

Mwaka 2007, katika mgodi wa Kitaka huko magharibi mwa nchi yetu, wachimbaji wanne waliugua homa ya Marburg, na mmoja wao akafa. Mgodi huo ulikuwa na popo wala matunda zaidi ya laki moja, na wataalamu walipowapima walikuta virusi vya Marburg katika popo wapatao watano katika kila mia. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa na ule wa Marekani. Kuvu ile huua popo na haimgusi mtu. Virusi hivi humwua mtu na popo havimdhuru.

Wachimbaji waliogopa, na nani angewalaumu? Mwaka 2008 walitandaza nyavu za kuvulia samaki kwenye midomo ya mgodi, wakawanasa popo na kuwaua mpaka ikaonekana wamekwisha. Kwa fikira ya kawaida, kazi ilikuwa imekamilika. Lakini mwezi Oktoba mwaka 2012 Marburg ilizuka tena katika wilaya za Ibanda na Kabale na sehemu nyingine. Maabara ilithibitisha wagonjwa 15. Mji wa Ibanda uko kiasi cha kilometa 20 tu kutoka Kitaka. Wataalamu walirudi mgodini mwezi uliofuata. Walikuta popo wamekwisha kurejea, wachache sana kuliko zamani, lakini safari hii wenye virusi walikuwa zaidi ya 13 katika kila mia. Maelezo yao ni kwamba wazee waliokuwa wamepata kinga waliuawa, na nafasi yao ikachukuliwa na popo wageni wasio na kinga, ambao waliambukizana upesi. Hofu ilitoa amri, na amri hiyo haikumwuliza ajuaye.

Mfano wa pili ni Pango la Chatu katika msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Watalii wawili walioingia humo, mmoja wa Marekani mwishoni mwa mwaka 2007 na mwingine wa Uholanzi katikati ya mwaka 2008, waliugua Marburg, na yule wa Uholanzi akafa. Serikali yetu ililifunga pango mwaka huo huo wa 2008. Ilifanya vema. Lakini haikuishia hapo, wala haikuwachoma moto popo. Baadaye lilijengwa banda la kuangalia kwa mbali, na mgeni huwaona popo na chatu wanaowawinda bila ya kupumua hewa ya pango. Mgeni analindwa, popo hasumbuliwi, chatu anapata chakula chake, na hifadhi inapata fedha. Tukumbuke pia kwamba jirani zetu wa Kenya wana Pango la Kitum katika Mlima Elgon, maarufu kwa tembo wanaoingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Pango hilo lilihusishwa na wagonjwa wa Marburg wa mwaka 1980 na wa mwaka 1987. Mlima ule ni mmoja, na popo hatambui mpaka.

Basi, ndugu maafisa na askari, haya yote yanatuhusu kwa namna gani?

Kwanza, askari aliye katika doria mvua ikimnyeshea hutafuta kimbilio, na pango huonekana kuwa nyumba ya bure. Si ya bure. Penye popo wengi usilale, usiwashe moto, usiwashike wala kuwala, na usiwafukuze. Ukilazimika kupita, pita upesi, kisha safisha mabuti na mavazi yako kabla ya kuyaingiza kambini mnamolala wenzako.

Pili, lango likiwekwa, linamhusu na anayelilinda. Mnyama hajui kama buti lililomletea ugonjwa ni la mtalii au la serikali. Askari anayemzuia raia asiingie pangoni, kisha yeye mwenyewe akaingia na rafiki zake kwa sababu ana bunduki, ameivunja amri vibaya kuliko yule raia, maana amemfundisha raia kwamba amri ile ilikuwa ya dharau tu.

Tatu, amri ya dharura ni halali, na mara nyingi ni lazima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini amri ya dharura ina mwanzo, na inapaswa kuwa na siku ya kutazamwa upya. Kosa la idara za Marekani halikuwa kufunga mapango mwaka 2009. Kosa lilikuwa kukawia kuyatofautisha, na kukawia kuwasikiliza watu waliokuwa wamesimama nje ya lango wakiwa na ramani mkononi.

Nne, na hili ndilo ningependa kila mmoja arudi nalo kambini: yule anayepinga amri yako si lazima awe adui wa kile unacholinda. Wachunguzi wa mapango waliyapenda mapango kuliko waliotoa amri. Huku kwetu mchungaji wa ng'ombe, mrina asali na mzee aliyezaliwa ukingoni mwa msitu huenda wakakukasirikia ukiwazuia njia. Kabla hujaandika jina la mmoja wao katika kitabu cha washitakiwa, mweleze sababu, kisha mwulize anajua nini. Kwa lugha ya kijeshi, mtu huyo ni chanzo cha habari. Ukimfukuza kwa kiboko, kesho mwizi wa mbao au mwindaji haramu atapita mbele ya macho yake, naye hatakuambia neno.

Raia naye ana wajibu wake. Ujuzi haumpi mtu ruhusa ya kuidharau amri halali kwa kuwa yeye anajiona msafi. Wako wachunguzi wa Marekani walioamini kwamba mtu mzoefu hawezi kupeleka ugonjwa, na mbegu hai za kuvu zikakutwa katika vyombo vilivyotoka mapangoni. Mjuzi wa kweli ndiye anayekubali kuosha viatu vyake mbele ya askari asiyejua hata nusu ya yale ayajuayo yeye.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Katika mapango ya Marekani fahali walikuwa serikali na raia wake wema, na nyasi zilikuwa viumbe wadogo wasio na sauti. Nyasi hizo hazijaota tena. Sisi ambao mapango yetu bado yana popo wake, na ambao tumekwisha kuona Kitaka na Maramagambo, tunaweza kuchagua. Siku utakapopangwa zamu mlangoni mwa pango, au mlangoni mwa kitu kingine chochote cha taifa, na mtu akakuuliza kwa nini hapiti, uwe na jibu. Na kama huna, mwulize mkubwa wako kabla ya kupokea zamu.